Mistari minne ya buluu: tathmini ya vikaratasi vya kupimia mafuta ya kukaangia

Mafuta ya chipsi kwa kawaida huhukumiwa kwa macho na pua. Yakiwa meusi, yakitoa povu, yakifuka moshi wa kuwasha macho, hapo ndipo mwenye karai anakubali kwamba yamechoka, tena shingo upande. Shida ni kwamba jicho linadanganyika. Kuku aliyekolezwa manjano na pilipili huyatia mafuta mapya rangi ya chai ya mkandaa ndani ya saa moja, ilhali mafuta ya mawese yaliyosafishwa yanayokaanga viazi vitupu yanaweza kubaki na rangi ya dhahabu hata siku ambayo kwa ndani yameshakatika. Vikaratasi vinavyobadilika rangi vinauzwa ili kuziba pengo hilo. Vinavyojulikana zaidi ni vya kampuni ya 3M, na tathmini hii ni ya vile vyenye ngazi za asidi kuanzia 2% hadi 7%, ambavyo ndivyo vinavyofaa karai la chipsi, samaki na kuku.

Hukumu kwanza: vinapima asidi, na asidi vinaipima vizuri vikitumiwa sawasawa. Muuzaji anayekuambia vinapima “usalama wa mafuta” kwa ujumla anavipa sifa visizokuwa nazo.

Kikaratasi chenyewe ni cheupe, chembamba, kina mistari minne ya buluu inayokata upana wake. Kila mstari umelowekwa rangi kiashiria pamoja na kiasi chake cha alikali (kinyume cha asidi), na kiasi hicho hutofautiana mstari kwa mstari. Asidi iliyomo kwenye mafuta ikiimaliza alikali ya mstari, rangi hugeuka kutoka buluu kuwa njano. Mstari wa kwanza hugeuka asidi huru za mafuta zikifika 2%, wa pili 3.5%, wa tatu 5%, wa nne 7%. Kwa hiyo kikaratasi hakikupi namba moja, kinakupa ngazi. Kikionyesha mistari miwili ya njano na miwili ya buluu, mafuta yako yako kati ya 3.5% na 5%. Hakuna betri wala hesabu, na hata kijana aliyeanza kazi jana anaweza kufundishwa kwa dakika tano.

Hizo asidi zinatoka wapi? Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80. Ukikitumbukiza kwenye mafuta ya digrii 175, maji yale yanatoka kama mvuke, na yakipita kwenye mafuta huyakata: molekuli moja ya mafuta ni gliseroli yenye mikia mitatu ya asidi, na maji huing’oa mikia hiyo mmoja mmoja. Mkia uliong’oka ndio asidi huru. Viazi vilivyooshwa vikaingia karaini vikidondoka maji, samaki aliyetoka kwenye barafu, kuku mwenye mchuzi wa kulowekea, vyote hivyo vinaharakisha. Na asidi ikipanda, joto la kuanza kutoa moshi hushuka. Mafuta yaliyosafishwa yenye asidi ya 0.1% hayafuki mpaka yakaribie digrii 200. Yakifika 1% yanaweza kuanza kufuka kwenye digrii 160 hivi, yaani chini ya joto lenyewe la kukaangia. Ule moshi wa jioni unaotoka hata moto ukipunguzwa, sababu yake ni hiyo.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika moja, lakini kila hatua ina mahali pa kuharibikia. Mafuta yawe na joto la kukaangia, kati ya digrii 163 na 204. Kipimajoto cha jikoni chenye ncha ya chuma kinatosha. Acha kukaanga kwanza, toa chakula chote, subiri mapovu yaishe, kisha ondoa chenga na makapi ya unga kwa kijiko cha matundu. Shika kikaratasi kwa koleo au kibanio kwenye ule upande usio na mistari, kitumbukize wima mpaka mistari yote minne izame, hesabu moja, mbili, kitoe. Usikoroge nacho. Kiache kichuruzike kwa sekunde chache, subiri kama nusu dakika au muda ulioandikwa kwenye kopo lako, halafu soma.

Kwenye kusoma ndiko watu wanakosana. Mstari unahesabiwa umegeuka pale tu ulipokuwa njano wote, toka ukingo mpaka ukingo. Kijani si njano. Buluu ikifunikwa na utando wa mafuta ya kahawia huonekana kijani, na hapo mwenye kutaka kubana matumizi atasema bado, mwenye kutaka kumwaga atasema tayari. Dawa ni mwanga: toka nje, simama kivulini, soma kwa mwanga wa mchana. Chini ya balbu ya njano ya kibandani mistari yote inaonekana imegeuka nusu. Jambo jingine, soma kwa wakati. Kikaratasi kilichosahaulika mezani kinaendelea kubadilika, na kile cha asubuhi kikisomwa mchana hakina maana yoyote. Kubandika vikaratasi vilivyotumika kwenye daftari kama ushahidi ni kujisumbua. Andika tu idadi ya mistari, tarehe na saa.

Mafuta meusi sana ndiyo adui mkubwa wa kipimo hiki. Yakishakuwa na rangi ya kahawa ya tangawizi, utando unaobaki juu ya mstari unaficha kila kitu. Ukiyachuja kwa kitambaa safi kabla ya kuyapasha utaondoa chembe, ila rangi haiondoki kwa kitambaa. Lakini tuseme ukweli: mafuta yaliyofika hapo hayahitaji kikaratasi.

Sasa makosa yanayoleta majibu ya uongo. La kwanza ni mafuta baridi. Chini ya digrii 163 mafuta ni mazito, hayapenyi karatasi upesi, na mstari uliopaswa kugeuka unabaki buluu. Kipimo kitakusifia mafuta mabovu. Wanaopima asubuhi kabla karai halijashika moto, kwa kuogopa kuungua, ndio wanaokosea hapa.

La pili ni siki na ndimu. Kwenye kibanda cha chipsi kila kidole kina siki, na siki ni asidi. Ukigusa mstari kwa kidole chenye siki, unaona doa la njano kabla kikaratasi hakijaona mafuta. Ndiyo sababu ya koleo, na ndiyo sababu kopo lisikae rafu moja na chupa za siki na achari.

La tatu ni kinyume chake, nalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Karai au fraya ikichemshwa kwa magadi au soda kali ili kuondoa ukoko, kisha isisuuzwe vizuri, mabaki ya alikali hukutana na asidi za mafuta na kutengeneza sabuni. Sabuni hiyo inafanya mafuta yatoe povu, na wakati huohuo asidi imeshaliwa, hivyo mistari inabaki buluu na kupendeza. Mafuta mapya yenye povu na kikaratasi cha buluu: usilaumu mafuta, kagua usafi wa chombo. Suuza mara mbili kwa maji safi, mara ya tatu kwa maji yenye siki kidogo, kisha maji matupu, halafu kausha kabisa.

La nne ni unga wa kuchujia. Hoteli kubwa hutumia unga mweupe wa magnesiamu silikati kwenye mashine ya kuchuja. Unga huo hunyonya asidi huru. Baada ya kuchuja, kikaratasi kinaweza kurudi nyuma mstari mmoja, watu wakafurahi kwamba mafuta “yamefufuka”, kumbe polima (molekuli za mafuta zilizoshikamana) na uchafu mwingine kwa sehemu kubwa bado umo. Wenye mashine hizo wapime kabla ya kuchuja, siku zote, au waache vikaratasi watumie kipimo kingine.

Aina ya mafuta inabadilisha maana ya mistari, na maelekezo ya kopo, yaliyoandikwa kwa ajili ya majiko ya Ulaya na Marekani, hayakukisia karai la Singida au la Kigoma. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani hayaleti taabu: viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinataka asidi isizidi miligramu 0.6 za potasiamu haidroksaidi kwa gramu, sawa na takriban 0.3%, kwa hiyo mistari yote itakuwa buluu siku ya kwanza. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa mtaani bila kusafishwa ni habari nyingine. Codex inaruhusu mafuta ya kukamua yafike miligramu 4, yaani karibu 2%. Dumu jipya kabisa linaweza kukugeuzia mstari wa kwanza kabla hujakaanga hata kiazi kimoja, hasa kama mbegu zilihifadhiwa na unyevu. Mawese mekundu ndiyo yanayokivunja kipimo kabisa. Kikomo chake cha Codex ni miligramu 10, karibu 5%, kwa hiyo mistari mitatu inaweza kuwa njano siku ya kuyanunua, juu ya hapo wekundu wake unaupaka kila mstari rangi ya machungwa. Kwa mawese ya Kigoma, Burundi na Kongo, usinunue vikaratasi hivi. Mafuta ya nazi nayo yana tabia yake: asidi yake kuu ni ya lauriki, nayo ikiachiwa huleta ladha ya sabuni mdomoni mapema, pengine kabla mstari wa kwanza haujamaliza kugeuka. Hapo ulimi unakishinda kikaratasi.

Kwa hiyo kabla ya chochote, pima mafuta mapya ya dumu hilohilo yakiwa ya moto, uandike yameanzia wapi. Bila namba ya mwanzo, namba ya mwisho haina mizani.

Na kikomo kiwe mstari wa ngapi? Hapa mtengenezaji anakuachia mwenyewe, na anafanya vizuri, maana kikomo cha chipsi si cha samaki. Njia inayofanya kazi ni hii: kwa mzunguko mmoja wa mafuta, kuanzia mapya mpaka ya kumwaga, pima kila jioni kwenye saa ileile, na kila ukipima onja chipsi za mwisho. Angalia kama zimenywa mafuta, kama zimekuwa kahawia nje na laini ndani, kama zinaacha utando kwenye fizi. Siku ladha inapoanguka, tazama mistari ilikuwa mingapi. Rudi nyuma siku moja. Huo ndio mstari wako. Mizunguko miwili au mitatu itakuthibitishia.

Ujue tu kwamba ngazi ya 2% si ya wakali. Mwongozo wa Japani wa mwaka 1979 wa vyakula vya bento (chakula cha kubeba kwenye kisanduku) ulitaka mafuta yabadilishwe asidi ikizidi miligramu 2.5 kwa gramu, ambayo ni kama 1.26%, au yakianza kufuka chini ya digrii 170. Kwa kipimo hicho, Mjapani angeshamwaga wakati vikaratasi vyako bado ni buluu tupu. Wajapani wana karatasi zao zenye ngazi za miligramu 0 hadi 4, zinazofaa zaidi kwa anayetaka kukamata mafuta mapema.

Kuongezea mafuta mapya juu ya ya zamani kunachezea kipimo, na hesabu yake ni rahisi. Karai la lita 8 limefika 3.5%. Umetoa lita 2, umeweka lita 2 mpya za 0.1%. Lita 6 mara 3.5 ni 21, jumlisha 0.2, gawa kwa 8: unapata 2.65%. Mstari wa pili unarudi kuwa buluu, lakini wa kwanza bado ni njano, na robo tatu ya karai ni mafuta yaleyale ya jana. Pima kabla ya kuongezea.

Sasa tuje kwenye kile ambacho vikaratasi havikioni, na kwa wengine hiki ndicho kikubwa. Mafuta huharibika kwa njia mbili. Maji huyakata yakatoa asidi. Hewa na joto huyaoksidisha, molekuli zikashikamana kuwa polima, mafuta yakawa mazito na kuacha ile gamu ya kahawia inayonata kwenye kuta za karai. Kikaratasi kinaona njia ya kwanza tu. Karai la mandazi, lenye donge kavu na saa nyingi za moto, huenda zaidi kwa njia ya pili. Alizeti ya kawaida, kwa jinsi asidi zake zilivyo, huoksidika haraka kuliko mawese. Ukikaanga mandazi kwa alizeti, gamu itaonekana ukingoni na povu jembamba lisilotulia litafunika karai huku kikaratasi kikikuambia mstari mmoja tu. Amini gamu.

Kipimo kinachoona uchakavu wa aina zote mbili ni jumla ya kampaundi za polari, yaani mazao ya mafuta yaliyokatika na kuoksidika. Ndicho sheria za nchi kadhaa za Ulaya zinachotumia: Ujerumani kikomo ni 24%, Ufaransa na Hispania 25%. Zipo chupa ndogo zenye jeli inayobadilika rangi kwa kampaundi hizo, unamimina mafuta ya moto, unasubiri, unalinganisha na kadi ya rangi. Kwa jiko linalokaanga kila siku, kifaa cha umeme kama Testo 270 kinafaa zaidi. Kinatumbukizwa kwenye mafuta ya digrii 40 hadi 200, kinatoa asilimia kwenye kioo, na kioo chenyewe huwaka kijani, njano au nyekundu kulingana na mipaka uliyoiweka. Usahihi wake ni jumlisha au toa asilimia mbili, na maji huyavuruga majibu yake: ngoja dakika tano baada ya kutoa chakula cha mwisho. Bei yake kibanda kimoja hakiiwezi. Wenye vibanda vitano wanaweza kuchanga wakakizungusha.

Jambo linaloulizwa sana: je, vikaratasi vinaweza kutambua mafuta yaliyochacha dukani? Hapana. Zile chupa za alizeti zilizopangwa juani kandokando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida huharibiwa na mwanga na joto kwa njia ya peroksaidi, mazao ya kwanza ya mafuta kuoksidika, na peroksaidi si asidi. Chupa inaweza kunuka rangi ya kupakia ukuta huku mistari yote minne ni buluu. Kwa chupa ya kununua, pua inatosha: mimina kijiko kimoja, kipashe kidogo, nusa. Na hata vipimo vya peroksaidi havisaidii kwenye karai, kwa sababu joto la kukaangia linazivunja peroksaidi zenyewe. Mafuta mabovu ya karai yanaweza kusoma chini kuliko mazuri ya chupa.

Asiyepata vikaratasi, au anayetaka namba badala ya ngazi, ana njia ya kale ya maabara, nayo pia ni ya rangi. Yeyusha gramu 1 ya sodiamu haidroksaidi (soda kali) kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Weka mililita 10 za alkoholi ya isopropili kwenye glasi ndogo safi, ongeza matone matatu ya fenofthalini, ambayo ni rangi kiashiria, kisha tonesha ile alikali kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka waridi hafifu litokee; huko ni kuisawazisha alkoholi. Ndipo uweke mililita 1 ya mafuta, ukoroge, uendelee kutonesha ukihesabu upya, mpaka waridi lirudi na kubaki kwa nusu dakika. Kila mililita uliyotumia ni takriban 0.77% ya asidi. Mililita 3 ni 2.3%. Fenofthalini ikikosekana, manjano ya jikoni yaliyolowekwa kwenye alkoholi na kuchujwa yanafanya kazi: hubaki ya njano kwenye asidi na kuwa mekundu ya kahawia kwenye alikali, jambo ambalo kila aliyewahi kufua kitambaa chenye doa la mchuzi kwa sabuni ya mche ameliona. Kugeuka kwake hakukatiki wazi kama waridi la fenofthalini, kwa hiyo weka glasi ya pili yenye alkoholi na manjano matupu pembeni ya kulinganishia. Alkoholi inashika moto, fanya mbali na jiko. Soda kali inaunguza ngozi na macho. Na glasi hizo zisirudi kwenye kunywea. Ile alikali ikikaa wazi inanyonya hewa na kudhoofika, ikikufanya uone asidi nyingi kuliko iliyopo. Ifunge, na itengeneze upya kila baada ya wiki kadhaa.

Udhaifu huohuo vinao vikaratasi, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa ndio unaowamaliza wengi. Kopo moja la vipande 40 likiachwa juu ya jokofu la soda, kando ya jiko, halimalizi mwezi likiwa zima. Liweke ndani ya jokofu, likiwa limefungwa kabisa. Ukilitoa, liache lipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo jasho la hewa ya pwani litatua kwenye karatasi. Toa kipande kimoja, funga papo hapo. Kabla ya kukitumbukiza kitazame: buluu iwe imekolea sawasawa kwenye mistari yote, iliyopauka au yenye kijani kingoni imekufa, itupe. Wapo wanaovikata kwa urefu ili vipande 40 viwe 80. Mistari inakata upana wote, kwa hiyo kila nusu inabaki na minne, lakini kusoma mstari mwembamba namna hiyo kwenye mafuta yaliyokolea ni kubahatisha. Kama ni lazima, tumia nusu kwa siku za mwanzo mafuta yakiwa bado mepesi, na kipande kizima ukikaribia mstari wako wa kumwaga.